Kiwanda Kisicho na Ajali

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Mama Ripoti mkono ukiwa kwenye kitasa.

Wapo walioleta malalamiko gazetini, eti nimewasimamisha wiki nzima nyuma ya mlango. Poleni sana. Lakini ninyi mlikuwa mmekalia viti vyenu. Mwenzenu alikuwa kwenye korido ya kiwanda inayonuka sabuni mbichi, ripoti mpya ikiwa kwapani, na kutoka ndani ya chumba kile ameisikia sauti anayoijua tangu ilipokuwa ikiomba kubebwa mgongoni.

"Kikombe changu kiko wapi?" sauti iliuliza.

Ni sauti ya mdogo wake. Yule ambaye kiwanda kizima kinamwita Povu, kwa kuwa kazi yake ni kupika sabuni.

Anayetuanza leo asihangaike, hajachelewa. Mama Ripoti ndiye anayeandika kile kitabu cha kila mwaka, cha karatasi nzito na picha za watu wanaocheka, kinachowaeleza wanunuzi wa sabuni jinsi kiwanda kinavyoishi na watu wake, maji yake na hewa yake. Mwaka huu kitabu kinajivunia mambo mawili. La kwanza, hakuna hata mtu mmoja aliyeumia kazini. La pili, wafanyakazi wamepewa mafunzo mengi kuliko mwaka wowote, mpaka mstari kwenye chati umepanda ukakaribia kutoboa ukurasa. Asubuhi hii anakuja mkaguzi wa wanunuzi. Mama Ripoti alifika kwenye Chumba cha Mafunzo akione kwa macho yake kabla hajaulizwa habari zake. Basi, hilo tu.

Akausukuma mlango.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo tu. Hakukuwa na mwalimu. Hakukuwa na ubao wala kitabu. Kulikuwa na televisheni moja ambayo waya wake umeviringishwa na kufungwa fundo. Ukutani, misumari iliyotundikwa makoti meupe ya wageni. Na kwenye mabenchi, watu.

Mwanaume mmoja alikuwa na mguu wa plasta juu ya kreti la sabuni. Mwanamke wa idara ya kufungasha alikuwa ameviringishwa bandeji mkono mzima. Mzee mmoja alikuwa anakohoa bila kupumzika. Na mwisho wa benchi, amevaa miwani myeusi ndani ya chumba kisicho na jua, alikaa Povu.

"Nani huyo?" Povu aliuliza.

"Ni mimi."

"Dada?" Alisimama ghafla, akagonga goti kwenye benchi. "Dada, funga mlango. Tafadhali, funga."

"Si uliniambia uko mafunzoni?"

"Ndiyo, niko mafunzoni."

"Mafunzo ya nini?"

Mwenye plasta ndiye aliyejibu. "Ya kukaa."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokwisha kuchoshwa na utani wao wenyewe.

Mama Ripoti hakucheka. Alikumbuka jinsi wifi yake, mke wa Povu, alivyokuwa anatamba siku zote hizo. "Wifi, mume wangu wanamtengeneza awe msimamizi! Gari la kampuni linamfuata mpaka mlangoni!" Ameshaanza hata kumpakulia wa kwanza na kumwita bosi, na miwani myeusi anayorudi nayo anadhani ni ya ubosi. Naye Mama Ripoti, kwa furaha ya damu moja, alikimbia ofisini akaandika habari za mdogo wake kwenye ripoti, na picha yake ya zamani juu.

Alimsogelea, akamvua miwani.

Jicho la kushoto lilikuwa na utando mweupe, kama ule wa maziwa yaliyopoa. La kulia lilikuwa jekundu, linatoa machozi yenyewe.

"Mungu wangu. Imekuwaje?"

"Kostiki iliruka. Ile dawa ya kugeuza mafuta kuwa sabuni. Tangi lilichemka likafurika, nikachelewa kurudi nyuma."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki nzima! Na miwani ya kazi ilikuwa wapi?"

"Ipo mapokezi, kwenye kabati la kioo. Si mliipiga picha ya kitabu?"

Ni kweli, waliipiga. Iko kwenye ukurasa mzima, inang'aa.

"Simama. Tunakwenda hospitali."

"Siendi."

"Povu!"

"Siendi, dada. Nikifika hospitali wataniuliza nimeumia wapi. Nikisema kazini, inakuwa ajali. Ikiwa ajali, zamu yetu imekwenda na maji."

Hapa nieleze kidogo, halafu tuendelee kukimbia. Kiwandani mle wengi ni vibarua. Leo yupo, kesho anaambiwa getini arudi nyumbani na hakuna maelezo. Ndipo mwaka huu likatolewa tangazo lililowafanya watu wakumbatiane: zamu itakayomaliza mwaka bila ajali, wote watapewa ajira ya kudumu. Wote. Na mwaka ulikuwa umebakiza siku za kuhesabika.

"Watu wote wale wananitazama mimi," Povu alisema. "Wana watoto. Niwe mimi ndiye niliyewamwagia unga? Nitapita mtaa gani?"

"Na macho yako je?"

"La kushoto limeshakuwa pambo. La kulia linaona."

"Linaona?"

"Linaona vizuri tu. Kama kuna ukungu kidogo, basi."

Akanyoosha mkono achukue kikombe chake cha chai pale kwenye benchi. Vidole vikafumba hewa. Yule mwanamke wa kufungasha akakisukuma kikombe taratibu mpaka kikamgusa kidoleni, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo.

Mama Ripoti aliliona hilo.

"Nyote mnajua!" alifoka. "Mnajua haoni, mnamsogezea vikombe!"

"Mama Ripoti, punguza sauti," alisema yule mwanamke. "Unadhani sisi hatuumii? Mimi mkono huu sijui kama utakunja tena. Nimevumilia. Sote tumevumilia. Usije na viatu vyako vya ofisini ukatuvurugia dakika ya mwisho."

"Anapofuka!"

"Akipofuka akiwa na ajira ya kudumu, atalipwa. Akipofuka akiwa kibarua, ataomba barabarani." Mwanamke yule alimtazama machoni. "Nani aliyetuwekea sheria hiyo? Si sisi."

Mama Ripoti alipiga hesabu. Kumbeba mtu mzima kwa nguvu hawezi. Aite gari la hospitali? Mgonjwa mwenyewe angekana kwamba anaumwa. Akatoka mbio, ripoti bado iko kwapani.

* * *

Ofisa usalama wa kiwanda wanamwita Kofia, kwa sababu ile kofia yake ngumu ya manjano haivuliwi. Haivuliwi ofisini, haivuliwi akila. Wenye maneno yao wanasema hata kitandani anapanda nayo. Mama Ripoti alimkuta mezani, anachovya mkate kwenye chai, kofia kichwani, juu yake dari tupu.

"Povu ameumia macho," alisema hata kabla ya salamu.

"Pole yake. Amekuja kazini leo?"

"Yuko huko stoo, amewekwa kama gunia!"

"Nimekuuliza, amekuja au hakuja?"

"Amekuja."

"Basi hakuna ajali." Kofia alitafuna, akameza. "Ajali kwa utaratibu wetu ni mtu kuumia akakosa zamu. Yeye hajakosa hata moja. Gari linamchukua nyumbani, linamrudisha nyumbani. Sasa unataka niandike nini?"

"Andika kwamba anapofuka."

"Kupofuka ni afya. Afya iko idara ya wafanyakazi."

Mama Ripoti akakamata simu ya mezani kwake, akapiga idara ya wafanyakazi. Sauti ya kike, tamu, iliitika.

"Povu? Ngoja nimwangalie... Mbona huyu hana tatizo lolote? Anasoma. Yupo mafunzoni."

"Hayupo mafunzoni, ameumia!"

"Aa, kuumia ni usalama, dada. Muone Kofia."

Akakata simu. Kofia alikuwa anapangusa makombo mdomoni.

"Nipe kibali cha kumtoa getini," Mama Ripoti alisema. "Kama hataki, nitamshawishi mimi. Wewe nipe kibali tu."

"Mtu wa mafunzo hatoki kabla ya muda, ila kwa sababu moja."

"Sababu gani?"

"Awe amepata ajali."

"Basi nipe!"

"Sasa nitatoaje," Kofia aliuliza kwa upole wa kweli, "na ajali haipo?"

Msomaji wangu, umewahi kutamani kumwaga chai ya mtu kichwani mwake? Mama Ripoti alitamani. Kilichomzuia ni ile kofia tu, angemwaga bure.

* * *

Akapanda ngazi mbilimbili mpaka kwa meneja mkuu.

Meneja huyu watu wanamwita Tabasamu. Akikupandisha cheo anatabasamu, akikufukuza anatabasamu vilevile, ndiyo maana watu wakiitwa kwake hawajui kama waombe dua au wapige vigelegele.

"Mama Ripoti! Karibu, karibu. Kitabu kimetoka kizuri, mpaka mke wangu amekisifia."

"Kisitolewe, bosi. Kina uongo."

"Ukurasa gani?"

"Wa ajali. Wa mafunzo. Wa picha ya mdogo wangu. Nimeingia kile chumba."

Tabasamu hakushtuka. Aliinuka, akasogeza pazia, akatazama chini uani ambako mtunza bustani alikuwa anamimina ndoo ya samaki wazima kwenye bwawa la mapambo. Ni lile bwawa linalopokea maji machafu ya kiwanda baada ya kusafishwa. Ripoti inasema samaki wanaishi humo kwa raha. Wanaishi, ndiyo. Ila hubadilishwa kila mgeni anapokuja.

"Mdogo wako nampenda sana," Tabasamu alisema. "Ukaguzi ukiisha, nitampa gari langu mwenyewe limpeleke kwa daktari bingwa wa macho. Jioni hiihii."

"Macho hayawezi kungoja jioni!"

"Mbona yamengoja wiki nzima?"

Alisema hivyo meno yote yakiwa nje. Mama Ripoti aliipiga meza kwa ile ripoti.

"Nitamwambia mkaguzi."

"Utamwambia nini? Kwamba wewe ndiye uliyeandika? Jina lako liko mwisho wa kitabu, na picha yako, umependeza kweli." Tabasamu alirudi kukaa. "Na hebu nikumbushe kitu. Hili wazo la zamu isiyo na ajali kupewa ajira ya kudumu, tulilitoa wapi?"

Mama Ripoti alitazama zulia.

"Si ulisimama hapo hapo ulipo? Ukasema, bosi, tukiwapa watu kitu cha kutamani, watakuwa waangalifu. Nikasema, naam, huyu mwanamke ana akili. Nikakubali."

Jamani. Alikuwa amesimama palepale, kwenye zulia lilelile. Alilisema kwa moyo mweupe kabisa, akidhani anawaokoa vibarua kutoka kwa kostiki na kutoka kwa ukibarua kwa pigo moja. Alidhani watu wataanza kujichunga. Hakuwaza kwamba wataanza kujificha. Sasa ajira ile imegeuka kamba, na aliyefungwa nayo ni mtoto wa mama yake.

Alitaka kujibu. Honi ikalia getini.

"Mgeni wetu kawahi," Tabasamu alisema, akaiweka sawa tai yake. "Twende. Na uso wako uufanyie kazi kidogo, tafadhali."

* * *

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya mtu anayetembea. Walimvisha koti jeupe la wageni pale getini, likamfika magotini. Hakusifia maua. Hakunywa soda. Alikwenda moja kwa moja hadi bwawani, akainama.

"Samaki hawa wanaishi humu?"

"Wanaishi na kuzaa," alisema Kofia.

"Na huyu?"

Mmoja alikuwa anaelea, tumbo juu.

Kofia alimtazama samaki kwa makini. "Huyo amelala."

Mtunza bustani akageuka akaanza kukohoa kwenye kiganja. Mkaguzi alifungua ile ripoti aliyokuja nayo, akaipekua, akasimama kwenye ukurasa wenye picha kubwa ya kijana anayecheka, macho yake makubwa yakitazama kamera moja kwa moja.

"Huyu," alisema. "Mpishi wa sabuni aliyeingia kibarua na sasa anaandaliwa kuwa msimamizi. Habari hii imenivutia. Ningependa nimwone."

Mama Ripoti aliinua kichwa. Ndiyo! Amwone! Akamwone pale stoo na macho yake, akawaone wote, bila mtu kufungua kinywa. Hapo hakuna zamu itakayosema imesalitiwa na Povu.

"Kwa furaha kubwa," alisema Tabasamu. "Lakini kwanza nikuonyeshe miche tuliyopanda nyuma ya ghala. Ni hatua chache tu."

Akamgusa Kofia kiwiko. Kofia akaondoka kwa mwendo wa heshima mpaka pembe ya jengo. Alipoikata ile pembe, Mama Ripoti aliisikia mishindo ya buti zikikimbia.

Miche ile walionyeshwa mmoja mmoja.

* * *

Walipofika Chumba cha Mafunzo, Mama Ripoti alidhani wamekosea mlango.

Televisheni ilikuwa inawaka, inaonyesha namna ya kuinua kreti bila kuumiza mgongo. Mabenchi yalikuwa yamejaa wanafunzi wenye afya njema. Karani wa mauzo alikuwemo. Dereva wa meneja alikuwemo, na mpishi wa kantini, aproni imekunjwa chini ya makalio. Kila mmoja na kalamu. Mwenye plasta, mwanamke wa bandeji na mzee wa kikohozi hawakuonekana hata kivuli.

Povu peke yake alibaki, kwa kuwa picha yake ilikuwa kitabuni na sura haiazimwi. Walimkalisha mbele kabisa. Ovaroli mpya. Usoni amevishwa ile miwani ya kazi ya kwenye kabati la kioo, bado ina kibandiko cha duka katikati ya kioo cha kulia.

Kibandiko kiko mbele ya jicho lake zima, naye hakihangaikii. Hakuinua hata kidole kukibandua.

Mtu anayeona angekibandua.

Mkaguzi naye alikitazama kibandiko kile. Kofia akawahi.

"Miwani mpya kabisa hii! Tunabadilisha kila wakati!" Akakinyofoa. Povu akashtuka, akarudisha kichwa nyuma. Kwake ule mkono ulikuwa umetokea hewani.

"Macho yako mekundu," alisema mkaguzi.

"Ni bidii," alisema Tabasamu. "Anasoma sana."

Nje, kwenye dirisha la nondo, nyuso zilikuwa zimeanza kujipanga. Ni zamu nzima ya Povu, na glavu zao mikononi. Mwanamke wa kufungasha alikuwemo, mkono wa bandeji ameuficha chini ya aproni. Alimtazama Mama Ripoti akatikisa kichwa polepole. Usiseme. Tunakuomba.

Mama Ripoti alizitazama nyuso zile moja baada ya nyingine. Alizipenda, akazichukia, akazionea huruma, vyote kwa mara moja. Kisha akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameketi wima kama mtoto siku ya kwanza ya shule, mikono juu ya magoti, akiitabasamia televisheni asiyoiona.

Akapiga moyo konde.

"Mama mkaguzi, haya si mafunzo," alisema. "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Ameunguzwa macho na kostiki hapa kiwandani wiki iliyopita. Wanamleta kila asubuhi na gari akae humu, ili kitabu kiseme hakuna ajali. Na kitabu nimekiandika mimi."

Pale dirishani mtu akaguna kama aliyepigwa ngumi. Mpishi wa kantini akaangusha kalamu.

Tabasamu hakupoteza hata jino moja.

"Mwandishi wetu amechoka," alisema kwa huruma. "Amekesha na kazi hii, si ajabu. Lakini sisi hatusemei watu. Mhusika yupo, ni mtu mzima, ana mdomo wake. Muulizeni mwenyewe."

Ulikuwa mchezo mkali, na alikuwa na hakika ya kushinda. Alijua Povu atakana. Mama Ripoti naye alijua. Akitikisa kichwa tu, basi. Dada mtu ataonekana mwehu, mkaguzi ataweka sahihi yake, na lile gari la jioni litakuja au halitakuja.

"Povu," aliita kwa sauti ya chini. "Ndugu yangu, nakusihi. Sema kweli. Macho hayanunuliwi."

Povu alikaza mikono juu ya magoti.

Mkaguzi alifunga ripoti. Akazunguka benchi, akasimama kushoto kwa Povu, karibu kiasi cha kumgusa bega. Mitambo ya jengo la pili ilikuwa inanguruma hadi sakafu inatetemeka, na ndani ya chumba kile sauti ilikuwa haina upande.

"Kijana," alisema mkaguzi. "Usimwogope mtu yeyote aliyemo humu. Umeumia kazini?"

Dirishani nyuso zilisogea karibu zaidi na nondo.

Povu alisimama. Alijinyoosha ovaroli. Akageuka kwa adabu zote, akageukia upande wake wa kulia, ukutani, pale kwenye msumari ambako kulikuwa kumebaki koti jeupe moja la wageni.

"Hapana, mama," aliliambia lile koti. "Sijaumia. Ninaona vizuri kabisa. Karibu sana kiwandani kwetu."

Akanyoosha mkono. Akaupata mkono wa koti ule mtupu, akaushika, akautikisa.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa kufungasha, kule dirishani, alitoa ule mkono wa bandeji chini ya aproni akajiziba nao uso. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifunguliwe, watu walimwona meneja mkuu akiwa amefumba mdomo.

Mkaguzi hakusogea. Aligeuza macho kutoka kwenye koti hadi kwa Mama Ripoti, na kalamu iliyokuwa mkononi mwake akairudisha kwenye mkoba.

"Huyu anakwenda hospitali sasa hivi," alisema. "Kwa gari langu."

Aliyezinduka wa kwanza alikuwa Kofia. Alitembea hadi mlangoni, akaufunga kwa ndani, akauzungusha ufunguo mara mbili. Kisha, kwa mara ya kwanza mbele za watu, akaivua ile kofia ya manjano, akautumbukiza ufunguo humo ndani, akaikumbatia kifuani.

"Hatoki mtu," alisema.

Povu alikuwa bado ameshika mkono wa koti. Alisikia kitasa, akasikia ukimya, akageuza uso huku na huku akimtafuta dada yake.

"Dada," aliuliza, "nimejibu vizuri?"